Mita Sitini, Bangwe

Bergen, 6 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Baridi imepungua, theluji imebaki kwenye vivuli vya nyumba tu. Mama naye mfikishie shikamoo yangu.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu sikio lako halinipati, na haya nataka uyasome polepole. Profesa wangu amekubali sura ya tatu ya tasnifu yangu iwe juu ya vipimo vyako vya joto la ziwa. Nilimweleza kwamba mradi wa kupima ziwa ulikuajiri mwaka 1998, ukafungwa 2004, na wewe ukaendelea peke yako, kwa boti yako na mafuta yako, kila tarehe kumi, ishirini na thelathini, na Februari siku yake ya mwisho. Aliniuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Uliwahi kuniuliza bahari na ziwa letu vinajuana wapi. Sikuweza kukujibu wakati ule. Sasa naweza, kidogo. Bahari kuu zina mabadiliko yake ya polepole. Achana na yale ya El Niño yanayotangazwa redioni, yanayokuja mwaka huu na kuondoka mwakani. Haya mengine ni ya taratibu zaidi. Eneo kubwa la Pasifiki huwa na joto kidogo kwa miaka ishirini, hata thelathini, kisha hugeuka likapoa kwa muda kama huo, na Bahari ya Hindi nayo ina mwendo wake. Ni nusu nyuzi tu, lakini hewa iliyo juu yake huisikia. Mvua huhama. Pepo za mbali hupata nguvu au hulegea, na pepo zikibadilika nazo huibadilisha bahari tena. Huwezi kusema nani ameanza.

Upepo wetu wa kusi ni mmoja wa pepo hizo. Unavyofanya ziwani unajua kuliko mimi: tangu mwezi wa tano unasukuma maji ya moto kuja kwetu kaskazini, na ukikoma mwezi wa tisa ziwa lote linayumba kama maji kwenye beseni lililobebwa na mtu. Hapo ndipo yale ya baridi yanapanda huko kwetu, pamoja na chakula cha dagaa. Kwa hiyo kipimo chako cha kina cha mita sitini kinaniambia kusi ya mwaka ule ilikuwa na nguvu kiasi gani. Sijapata mtu mwingine aliyepima mahali pamoja kwa muda mrefu hivyo.

Nakala za fomu zako nilizo nazo zinaishia Julai 2019. Naomba fomu za kuanzia Agosti ya mwaka ule hadi mwisho wa mwaka jana. Najua zinaanza na mwezi ambao mdogo wangu Antoni alipotea ziwani. Kama ni vigumu kuzishika, Mama anaweza kuzifunga yeye.

Mwanao,
Dainess


Bangwe, 11 Aprili 2023

Kwa mwanangu Dainess,

Barua yako ilifika tarehe 4. Sisi wazima. Mama yako anasumbuliwa na goti la kushoto.

Ziwa limepanda tena. Njia ya zamani ya kwenda mwaloni, boti zinapotia nanga, imefunikwa, na nyumba ya jirani yetu Martini imebaki kuta, maji yanaingia mlangoni na kutokea dirishani. Yeye amehamia kwa shemeji yake Ujiji. Mgebuka amekuwa samaki adimu, tunakula dagaa wakipatikana, na muhogo haujatuangusha.

Fomu ulizoomba zimo humu, mia moja na ishirini na tatu. Hakuna hata moja iliyokosekana.

Nimeelewa ulivyoandika kuhusu bahari. Mambo ya miaka thelathini ni makubwa kwa mtu aliyepima ishirini na kitu.

Kuhusu mwezi uliotaja, sina la kuandika. Kula vizuri. Vaa soksi mbili.

Baba yako,
Elikana


Bergen, 29 Mei 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Fomu zimefika zote, ila bahasha ilikuwa imechanika pembeni. Ilinichukua siku tisa kuziingiza kwenye kompyuta. Hati yako haijabadilika, saba yako bado ina mkia.

Nataka nikuambie kilichoonekana. Nimechora mstari mmoja wa joto la mita sitini tangu ulipoanza. Miaka yote mstari unapanda na kushuka. Mwezi wa tisa au wa kumi unashuka ghafla, unarudi juu, unashuka tena, kama ulivyokuwa ukituambia mezani kwamba leo yamepoa. Halafu kuanzia mwishoni mwa Agosti 2019 ziwa linatulia. Maji yanakaa kwenye nyuzi ishirini na tano na pointi chache, mwezi kwa mwezi, miaka mitatu na zaidi. Beseni limewekwa chini.

Profesa aliutazama ule mstari kwa muda mrefu. Anasema yawezekana tumeshika mahali ambapo bahari zimegeuka na kusi imelegea, na kwamba kama ni kweli, dagaa kupungua kuna sababu ambayo mvuvi hawezi kuirekebisha kwa nyavu. Nimeandikishwa kulieleza hilo kwenye mkutano mwezi wa tisa. Watakuwapo watu wa wizara kutoka nyumbani. Wanaweza kupanga kwa kufuata nitakayosema.

Lipo jambo moja halinikai sawa. Nimetafuta vipimo vya upepo, vya nchi kavu na vya satelaiti. Kusi ya 2020 na 2021 ilikuwa na nguvu kama ya miaka mingine. Upepo unasema hivi, maji yanasema vile. Je, ulibadili kamba? Kipimajoto? Ulisogea kutoka mahali pa zamani?

Fomu ya tarehe 20 Agosti 2019 nilikaa nayo asubuhi nzima. Umeandika 25.3. Nikajiambia, kumbe siku ile Baba na Antoni walikuwa wameshapima kabla ya ajali. Nilingoja kulia, sikulia. Nikaingiza namba, nikachukua fomu iliyofuata.

Mwanao,
Dainess


Bangwe, 4 Julai 2023

Kwa mwanangu Dainess,

Kamba ni ileile. Kipimajoto ni kilekile. Mahali ni palepale.

Kama upepo na maji havipatani, andika kwamba havipatani. Si lazima kila kitu kipatane.

Nakuomba usizipeleke fomu hizo mbele za watu mpaka nitakapokuandikia tena. Sina la zaidi kwa leo.

Baba yako,
Elikana


Bangwe, 10 Julai 2023

Mwanangu Dainess, mama,

Habari za huko. Mimi nipo, goti linapona na mafuta ya mawese ya moto niliyokandwa na jirani yetu Mama Happiness. Mimi si mwandishi, utanivumilia.

Baba yako aliiacha barua yako mezani juu ya Biblia. Sijui aliisahau au alitaka niione. Nimeisoma. Ile ya bahari sikuielewa yote lakini pale unapouliza kamba nimepaelewa.

Dainess, baba yako hajaingia ziwani tangu siku ile. Boti ipo uani imelala kifudifudi, kuku wanatagia chini yake. Wewe uliondoka mwezi wa kumi baada ya msiba, hukuona. Kila tarehe ya kupima anaamka, ananyoa ndevu, anavaa lile koti la mvua, anakwenda anakaa kwenye jiwe upande wa Kibirizi mpaka saa nne. Anarudi. Anafungua kabati la mafomu, anafanya hesabu, anaandika. Halafu anakula.

Mwanzoni nilimuuliza. Alisema, "Frida, niache nimalize kazi." Sikumuuliza tena. Nilifikiri ni kama mtu anayesali. Sikujua kwamba karatasi zile zinakwenda mahali. Ulipoziomba aliziandaa wiki nzima, anazihesabu na kuzihesabu tena, hakunitazama usoni.

Mimi sina siri naye. Ukimwandikia mwambie mama ndiye aliyenieleza.

Nakuandikia barua kwa kuwa simu hupigwa mbele yake. Antoni angekuwa na miaka ishirini na sita mwezi huu. Tulimzika bila mwili, basi hata kaburi nikilipalilia naona napalilia udongo tu. Sisikii kitu. Nakuambia wewe kwa sababu mchungaji nilimwambia akanipa zaburi.

Mama yako,
Frida


Bergen, 2 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Mama ameniandikia, na amesema nisimfiche.

Sitakuuliza kwa nini. Nauliza vitu viwili tu, kwa sababu mkutano ni tarehe 19 mwezi wa tisa na lazima nijue nitasimama na nini mbele ya watu.

Fomu za kweli zinaishia tarehe gani? Na namba za baada ya hapo ulizitoa wapi?

Naiweka barua hii mikononi mwa Regina, binti wa Ujiji anayesoma hapa, anasafiri kesho. Atakuja nyumbani mwenyewe, na jibu lako atarudi nalo. Mpokeeni.

Dainess


Bangwe, 21 Agosti 2023

Kwa mwanangu Dainess,

Jana ilitimia miaka minne. Regina amekaa nje na mama yako, ameahidi kungoja nimalize.

Jibu la swali la kwanza. Kipimo cha mwisho cha kweli ni cha tarehe 10 Agosti 2019. Zilizobaki, mia moja na ishirini na mbili, si za ziwa.

Jibu la swali la pili. Nilifungua fomu za miaka yote ya nyuma. Nikachukua tarehe hiyohiyo ya kila mwaka, nikajumlisha, nikagawanya. Kwa hiyo mwaka uliopoa mapema ulimeza mwaka uliopoa kwa kuchelewa, na kila namba ikawa ya katikati. Ulipoandika kwamba ziwa limetulia, nilijua ni mimi.

Sasa nitakueleza na ile siku, kwa sababu hujawahi kuisikia kutoka kwangu.

Asubuhi ya tarehe 20 kusi ilikuwa imeshaanza tulipokuwa tunapakia. Wenye boti wengine hawakutoka. Nikodemu, mmoja wao, alikuwa anashona nyavu pale mwaloni, akaniambia mzee leo acha. Nilimjibu kwamba tangu 1998 sijaacha. Antoni alikuwa nyuma ya boti. Alikuwa amefunga injini, akawasha.

Tulifika mahali petu. Mita kumi tulipima vizuri. Ishirini tukapima. Arobaini boti ilikuwa imeanza kuchota maji ubavuni. Antoni alinishika bega kwa sababu ya sikio langu, akasema karibu yangu, "Baba, turudi. Hii ya leo tuiache."

Nikasema, "Bado sitini tu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyarudia mara nyingi na hayajawa mengine.

Akateremsha chupa ya kuchotea. Nikaachia kile chuma kinachokwenda kuifunga huko chini. Wimbi likatugeuza, kamba ikapita chini ya boti kuelekea injini. Alikwenda nyuma kuinasua. Aliinama. Wimbi la pili likaja kutoka upande mwingine, akapigwa na ubao kichwani, nilisikia kwa sikio langu zima. Akaingia majini bila kupiga kelele. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono yote miwili. Nilipoiachia kumshika yeye, hakuwapo.

Nilizunguka mahali pale mpaka mafuta yakaisha. Nikodemu na wenzake ndio waliokuja kunivuta. Mengine unayajua.

Siku ya tatu watu walipoondoka nilikuta fomu ya tarehe 20 iko tupu. Nilikuwa nimeandika tarehe tu kabla ya kutoka. Sikukusudia kudanganya mtu, Dainess. Sikuweza kuiacha ile karatasi tupu. Nikaijaza. Kisha ikaja tarehe 30.

Sikulia siku ile na sijalia mpaka leo. Mama yako anadhani ni ugumu. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unajua upo, lakini ukiuminya hausemi.

Ulipoomba fomu ningeweza kusema zimelowa, ziwa lilipopanda. Wengi wamepoteza vitu hivyo. Niliona nikisema hivyo zitakuwa zimekufa mara mbili. Sijui kama unanielewa. Sasa nimekuharibia kazi uliyokwenda kuifanya mbali. Waambie hao watu ukweli wote, na jina langu ulitaje.

Baba yako,
Elikana


Bergen, 14 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako Regina aliniletea tarehe 6 Septemba. Nilimwonyesha profesa siku ileile, nikamsomea kwa lugha yake. Akavuta karatasi na kalamu. Kisha akauliza jina la mdogo wangu linaandikwaje.

Sikwenda kwenye mkutano. Nimeondoa fomu mia moja na ishirini na mbili. Kwenye jedwali, kuanzia tarehe 20 Agosti 2019, nimeandika "hakuna kipimo", na maelezo ya chini yanasema mpimaji alifiwa na mwanawe akiwa kazini. Jina lako lipo, na la Antoni lipo.

Niliyoyaona hayapo tena. Siwezi kusema kusi imelegea wala haijalegea. Miaka ishirini na moja ya kweli inaonyesha kwamba bahari zinapobadilika ziwa letu linasikia, hilo limebaki na ni kubwa, lakini kwa mwendo wa miaka thelathini ni kama kumwona mtu akiinua mguu bila kuona anapoutua. Sura ya tatu nitaiandika upya. Nitakaa huku mwaka mmoja zaidi ya nilivyowaambia.

Baba, kuna kitu hukukiandika. Kwenye barua yako umeeleza Nikodemu alisema nini na Antoni alisema nini, lakini hukueleza mimi nilisema nini. Tarehe 18 Agosti, Jumapili, nilipiga simu kutoka Dar. Nilikuwa namalizia ombi langu la kuja kusoma huku. Uliweka simu kwenye sikio zima. Nilisema, "Baba, mwezi huu na ujao usikose hata kimoja. Vikikosekana hivyo sina cha kuwaonyesha." Uliniambia hakitakosekana.

Miaka minne hukumwambia mtu, hata Mama. Nimejiuliza kama nilikuwa nimesahau. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeyaweka maneno hayo mahali ambapo sipiti.

Sisemi haya ili unifariji. Asubuhi naamka, nakunywa chai, napanda basi, nafanya kazi vizuri, watu wananisifu kwa utulivu. Nilidhani ni baridi ya huku.

Sikuombi urudi ziwani. Ukitaka kuiuza boti, iuze. Ukitaka kuvunja kipimajoto, kivunje. Nilitaka tu ujue kwamba kwenye ile boti tulikuwa watatu.

Mwanao,
Dainess


Bangwe, 12 Novemba 2023

Mwanangu Dainess, mama,

Barua yako alinisomea yeye mwenyewe kwa sauti, tangu mwanzo mpaka mwisho, tumekaa jikoni. Pale pa simu pia hakuruka. Alipomaliza nilimuuliza kama ni kweli alinificha. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Watoto walikuwa wawili, Frida. Mmoja alikuwa amebaki."

Niliinuka nikaenda kuanika muhogo.

Baada ya siku mbili nikasikia kuku wanapiga kelele uani. Alikuwa anaigeuza boti peke yake. Nikamwita Nikodemu, akaja na shemeji yake, wakaiziba nyufa, wakaipaka lami. Baba yako alimwuliza Nikodemu kama anaweza kwenda naye, na akamwambia mbele yangu, "Wewe ukisema turudi, tunarudi. Sitakujibu." Nikodemu akakubali.

Juzi tarehe kumi walitoka. Ziwa lilikuwa shwari. Mimi tangu msiba sijashuka mwaloni, maji ya ziwa sijayagusa, hata ya kufulia nanunua ya bomba. Siku hiyo nilikwenda. Nilikaa juu ya boya la zamani la mtu nikaangalia mpaka boti ikawa ndogo, ikasimama, ikakaa. Walikaa muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Niliona baba yako amesimama. Nikodemu anasema alisema jina la Antoni, mara moja, kwa sauti ya kawaida kama anamwita chakulani, halafu akaomba kamba.

Macho yake hayaoni tena mistari midogo ya kipimajoto. Nikodemu ndiye aliyesoma, baba yako akaandika. Fomu imo humu, ya kwako, na ya kwake amebaki nayo. Mita sitini amesema nikuandikie nisikosee, ni 24.1. Anasema yamepanda ya baridi, lakini kipimo kimoja si kitu, usikimbilie kusema lolote. Mwezi huu atakwenda tena tarehe ishirini.

Kuhusu kulaumiana hakusema kitu na mimi sitasema. Wewe maliza shule yako uje.

Waliporudi nilikuwa bado nimekaa palepale. Baba yako alishuka na chupa ya chai niliyomfungia asubuhi, bado imejaa, nikajua hakunywa. Aliiweka mbele yangu akafungua kifuniko. Alikuwa ameimwaga chai na kuijaza maji ya huko chini, ya mita sitini, ya mahali pale.

"Haya ni ya leo," akasema.

Nikayamimina kwenye bakuli nililoazima kwa Mama Happiness aliyekuwa karibu, nikatia mkono mpaka kwenye kifundo. Yalikuwa ya baridi kweli, mama. Baba yako akachuchumaa, akatia na wake. Watu walikuwa wanapita na samaki wao, wanatusalimu, tunaitikia. Tukakaa hivyo mpaka maji yakapata joto la mikono yetu.

Mama yako,
Frida